Mkaa Wenye Njaa

Niliisikia Ifakara kabla sijaiona. Tu-tu-tu-tu-tu, kikohozi, kimya kidogo, halafu tu-tu-tu tena, kama mzee anayesimulia jambo na kusahau katikati. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umelala juu ya kila kitu. Nilishuka garini na sanduku la bati mkono mmoja, gambuti mkono wa pili, na sikuona nyumba, mti wala mtu. Nikaifuata ile sauti kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufuata. Nilipoikaribia ukungu ukaachia kidogo, nikajikuta nimesimama mbele ya kilima cheusi kinachofuka moshi. Nikadhani serikali imenileta kwenye volkano.

Kilikuwa kilima cha pumba. Sauti ilikuwa ya mashine ya kukoboa mpunga, na yale maganda magumu yanayobaki yalitupwa nyuma ya kibanda msimu baada ya msimu mpaka mtu akayawasha. Moto wa pumba, kama ugomvi wa ndugu, hauwaki wala hauzimiki. Mwendesha mashine, mweupe kwa vumbi tangu kope hadi kandambili, alizitazama gambuti zangu mpya.

"Wewe ndiye bibi shamba?"

"Ndimi."

"Mbona bibi mwenyewe mtoto?"

Akacheka mpaka vumbi likamdondoka mabegani. Tangu siku ile hadi nilipostaafu mwaka jana, hakuna aliyeniita kwa jina langu isipokuwa padri na mume wangu, naye mume akiwa amekasirika tu.

Ninyi mliobaki ofisini mmeniomba niandike yale niliyoyaona. Kuhusu vyeo na mishahara sitasema neno. Vyote vilichelewa kuja na vyote viliwahi kuondoka. Nitawaandikia kuhusu watu, zana, na kilima kile cha moshi ambacho nilikipita karibu kila siku ya ujana wangu nikijifunika pua, nisijue kwamba kazi yangu ya mwisho na iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa imelala mle ndani, ikinisubiri nizeeke.

Aliyenipokea ni Mzee Alfonsi, bwana shamba wa zamani, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za mafuriko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Una baiskeli?"

"Sina."

"Basi una miguu. Twende Katindiuka."

Tulikwenda Katindiuka, nami nikatumbukia kwenye jaruba la kwanza tulilolivuka, mpaka kiunoni, mbele ya kundi la wanawake waliokuwa wakipandikiza mpunga. Mzee Alfonsi hakunivuta. Alisubiri nijitoe mwenyewe, akawaambia, "Huyu ni bibi shamba mpya. Ameanza kwa kupima kina cha maji." Wale wanawake walinipenda kuanzia hapo. Mtaalamu aliyelowa ana faida moja kubwa: hakuna anayemwogopa.

Siku hiyohiyo nilimwona akiinama kwenye shamba la mwinuko, akachota udongo kwa vidole viwili, akautia mdomoni. Akafumba macho. Wakulima wakanyamaza, mmoja akavua kofia. Baada ya kitambo akatema na kutangaza, "Umechacha."

Njiani nilimuuliza kama atanifundisha kuonja udongo.

"Usithubutu, utaumwa tumbo. Niliupima jana kwa kipimo cha dawa, ukabadilika rangi ukawa kama chai ya rangi. Nilishajua jibu."

"Sasa kuonja kwa nini?"

"Binti yangu, chupa ya dawa haiheshimiwi. Ulimi unaheshimiwa. Ukweli upate kwenye chupa, halafu uupeleke kwa njia ambayo watu wataukumbuka."

Sikuwahi kula udongo. Ila nimekuwa nikitafuta ulimi wangu maisha yangu yote, maana yake namna yangu ya kuufikisha ukweli, na mara nyingi nimeukosa. Nilipopelekwa Masagati, mbele ya Mlimba, ambako barabara huchoka na kugeuka kijia, niliwasimamisha wanakijiji juani nikawahutubia juu ya nafasi kati ya shimo na shimo, mstari na mstari. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Bibi mmoja akanyoosha mkono. Nikafurahi.

"Mjukuu wangu," akasema, "umekula?"

Hilo ndilo lililokuwa swali pekee. Nilikaribishwa ugali kwa kunde, na wakati wa kula, bila kunyoosha mkono, kila mtu aliniuliza kuhusu nafasi kati ya shimo na shimo. Tangu hapo sikuhutubia tena kabla ya sufuria kuinuliwa jikoni.

Kunde zile za Masagati zilinikaa moyoni. Bonde letu ni la mpunga, na mpunga ni mfalme mwenye majivuno: ukiingia ofisini, kila kikao ni chake. Kunde ziliitwa zao la akina mama, maana yake hakuna aliyezipangia kikao. Lakini ni majani ya kunde yanayoonekana mezani mboga zinapokosekana, na ni kunde zilizokauka zinazomvusha mtu miezi ambayo mpunga bado uko majini ukijisifu.

Tatizo lilikuwa udongo wa miinuko. Pale kijijini Mbingu, njiani ukielekea Mlimba, mashamba ya juu yameegemea mlima, na mvua ya mlimani haina kiasi. Inaufua udongo kama nguo, na kila ikifua rangi inapungua. Vyakula vya mmea vinateremka na maji kwenda kwa mfalme mpunga, kinachobaki juu ni uchachu. Mzizi wa kunde ukiugusa uchachu huo unajikunja kama kidole kilichogusa sufuria. Tena kunde ni mmea wenye wapangaji: kwenye mizizi yake huishi vijidudu vinavyojijengea vinundu, na kama shukrani vinauvutia mmea chakula kutoka hewani. Kwenye udongo uliochacha wapangaji wanahama usiku mmoja bila kuaga. Mmea unabaki peke yake, unakuwa njano, na mwenye shamba anasema amerogwa.

Miaka mingi dawa yetu ilikuwa kusema, "Wekeni chokaa." Ni neno zuri, lakini chokaa yenyewe ilikuwa mbali na mabega ya kuibeba yalikuwa karibu. Kisha, nywele zangu zikiwa zimeshaanza kugeuka pumba, tukaitwa semina tukafundishwa bayocha. Ni mkaa tu, lakini mkaa wa mabaki ya mimea, uliochomwa kwa kunyimwa hewa, kwa ajili ya udongo na si kwa ajili ya jiko. Unapunguza ukali wa udongo na una vitundu vingi visivyoonekana, vyumba vya kutunza maji na chakula. Mwalimu wa semina akauliza, "Mna mabaki gani ya mimea huko kwenu?" Nikaangalia nje ya dirisha. Kilima kilikuwa kinafuka.

Zana ni rahisi, ziandikeni. Chukua debe kuukuu, litoboe matundu kwa msumari pande zote, lisimamishie bomba la bati liwe dohani ya kutolea moshi. Washa kuni, zifunike kwa debe hilo, zungushia pumba mpaka debe lipotee. Moto unapumua ndani, pumba zinaiva kwa nje bila kuwaka. Weusi unapanda taratibu kama maji ya mto unaofurika, nawe unageuza kwa koleo. Pumba zote zikishakuwa nyeusi, zitandaze haraka uzimwagie maji. Ukichelewa zinakuwa majivu meupe.

Mimi nilichelewa. Nilikwenda kunywa chai, nikakutana na maandazi ya moto, niliporudi nyuma ya ofisi nilikuta kitu cheupe kama nywele za marehemu babu. Pumba hazimtaki mtu anayependa chai. Mara ya pili nilikaa nazo asubuhi nzima, nikatoka na mkaa mweusi unaolia chwa-chwa mkononi, na uso ambao mume wangu alikataa kuupokea mlangoni.

Sasa nifike kwa Mama Tekla.

Mama Tekla ni Mpogoro, wazazi wake walishuka kutoka upande wa Mahenge wakafungua shamba pale Mbingu, juu kidogo ya barabara. Ni mwembamba, mwepesi wa miguu, mwimbaji wa kwaya, na ana kiburi kisafi kama shuka la altare. Shamba la juu aliachiwa na mama yake pamoja na mbegu ya kunde nyekundu yenye jicho jeusi, ambayo alikuwa hajawahi kuichanganya na ya mtu. Lakini kila msimu zilikuja njano zaidi. Nilimweleza habari ya mkaa, nikampa na onyo: mkaa mtupu usiupeleke shambani. Mkaa mpya una njaa. Vyumba vyake vyote viko wazi, na ukiufukia mtupu utanyonya hata kile kidogo kilichomo udongoni. Kwanza ulishe samadi, uloweke, uufunike majuma kadhaa ushibe. Akaitikia, "Nimeelewa, Bibi Shamba," kwa sauti ya kwanza ya kwaya.

Tulisafirisha pumba, tukachoma pamoja, tukacheka. Kuchanganya samadi akaniambia nimwachie mwenyewe. Niliporudi kunde zikiwa na majani machache, zilikuwa njano kuliko msimu uliotangulia. Zilikuwa njano kama taa ya teksi.

Niling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa mitupu, haina hata kinundu. Nikachimbua udongo: chembe nyeusi za mkaa, kavu, safi, bila unyasi wala harufu.

"Mama Tekla, ulichanganya na samadi?"

"Nilichanganya."

"Samadi ya nini?"

"Ya ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

Akautazama mlima. "Bibi Shamba, wewe ni wa kilimo au wa polisi?"

Hapo nikaelewa. Karibu na pale zizi lilikuwa moja, la Masalu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka ya nyuma. Na ng'ombe wa Masalu waliwahi kuingia kwenye jaruba la Mama Tekla mpunga ukiwa umebeba masuke. Kesi ilikwisha kwa mtendaji wa kijiji, fidia ikatolewa, mikono ikashikwa. Lakini mikono ndiyo iliyoshikwa; macho yalikataa. Walikuwa wakipishana njiani kila mmoja akichunguza miti ya upande wake. Mama Tekla kumwomba Masalu mavi ya ng'ombe? Bora ale kunde za njano.

Tukiwa bado tumechuchumaa pale, kengele ya baiskeli ikalia. Alikuwa Bosko, mdogo wake Mama Tekla, mtu mnene mwenye sauti ya kutangaza minada. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga boksi la miche ya mitiki, kila mmoja kwenye kiriba chake, majani mapana yakipepea.

"Bibi Shamba, shikamoo. Dada, shikamoo. Kunde, poleni."

"Marahaba," tukasema. Kunde hazikujibu.

"Nimeambiwa mmepanda mkaa," akaendelea. "Nikasema nije nione mtavuna nini. Moto?"

Ilikuwa ardhi ya baba yao, na Bosko alikuwa na sauti juu yake. Alitaka shamba lote la juu lipandwe mitiki. Alisema mtiki hauombi samadi, hauombi palizi, hauombi bibi shamba.

"Na hauliwi," akasema Mama Tekla.

"Utauzwa, dada."

"Lini?"

"Wajukuu watavuna."

"Wakisubiri watakula nini? Kivuli?"

Lakini alisema kwa sauti ya chini, sauti ya pili, maana kunde zilikuwa zimesimama pale zikimshuhudia vibaya. Jumapili ile baada ya misa ukoo ukaketi. Wakakubaliana hivi: Mama Tekla apewe msimu mmoja wa mwisho. Kunde zikishindwa tena, shamba ni la mitiki. Na Bosko, kwa kuwa hakuwa na shaka, akaiacha miche yake nyuma ya jiko la dada yake isubiri huko huko.

Nilimkuta Mama Tekla kesho yake akiimwagilia.

"Unamwagilia nini tena?"

"Wageni," akasema. "Hawana kosa. Kwangu mgeni hafi kwa kiu." Kisha akaweka kopo chini. "Twende kwa huyo mtu wako."

Wangu! Haya. Tulikwenda kwa miguu, na njia nzima alifanya mazoezi. "Ndugu Masalu, habari za asubuhi, na... na..." Neno "naomba" lilimkwama kila tulipofika kwenye mti. Nikamwambia, anza na salamu, uliza hali ya watoto, ombi litakuja lenyewe. Akaniambia mimi nisifikirie kila kitu kinaota chenyewe.

Masalu alikuwa zizini, mrefu, kofia pana, fimbo begani, mikono yote miwili imening'inia juu ya fimbo. "Mwangaluka!" akatusalimu kwa Kisukuma chake, kisha akaongeza kwa adabu, "Karibuni mama zangu." Mkewe akachungulia kutoka jikoni. Nikaitikia. Mama Tekla akafungua mdomo. Akaufunga. Akaliangalia zizi, lile lundo la samadi lililojaa mpaka kwenye miti ya chini ya uzio. Akavuta pumzi kama kwaya kabla ya Utukufu.

"Nimekuja kuchukua mpunga wangu!"

Masalu akashusha fimbo. "Mpunga gani tena, mama? Si yaliisha kwa mtendaji?"

"Yaliisha kwa mdomo. Mpunga wenyewe uliingia kwa mdomo wa ng'ombe wako, ukatokea upande wa pili, na mpaka leo umelala hapo zizini umeukalia. Sijaja kuomba. Nimekuja kuchukua mpunga wangu, mrefu wewe usiye na haya!"

Wenzangu, nimesimama mbele ya nyoka, mbele ya mafuriko na mbele ya wakaguzi, lakini sijawahi kutamani ardhi inifunike kama pale. Ng'ombe mmoja alicheua. Halafu kutoka jikoni kikasikika kicheko cha mke wa Masalu, kimebanwa, kimeponyoka, kimeanguka pamoja na mfuniko wa sufuria. Masalu akavua kofia. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mama," akasema alipoweza, "tangu nihamie hapa watu wananisalimia kwa adabu kama mtu anayesalimia maiti. Hakuna aliyewahi kunitukana kwa raha namna hii. Mtu anayeingia uani kwangu, ananitukana mbele ya mke wangu, na anadai mavi ni haki yake, huyo si jirani. Huyo ni mtani."

"Mtani wako tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Ungeomba ningekwambia subiri, nina shamba langu. Lakini mtani hanyimwi. Chukua." Akavaa kofia yake. "Na mpunga wako wenyewe ulikuwa na mawe. Ng'ombe wangu mmoja ameng'oka jino."

"Ulimtuma aende wapi usiku, hajui kutafuna?"

Wakawa wanaendelea vile, nami nikatafuta kigoda nikakaa. Kama Wapogoro na Wasukuma ni watani wa asili, sijui. Nimewauliza wazee wa pande zote mbili na kila mmoja ana historia yake. Ninachojua ni kwamba mtendaji, muhuri na fidia vilishindwa kuwafanya hawa wawili watazamane, na tusi moja zuri liliweza. Mzee Alfonsi angesema Mama Tekla amepata ulimi wake.

Samadi ilikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe, wale wale wahalifu. Tukaitandaza tabaka moja, mkaa tabaka moja, tukanyunyiza maji, tukafunika kwa majani ya migomba. Mama Tekla alilitunza lile lundo kama mtoto wa mwezi mmoja. Akiingiza mkono na kukuta joto, anatabasamu, likipoa, analigeuza. Bosko akipita na baiskeli anapiga kelele, "Mnapika nini, dada?"

"Wewe!"

Lundo liliposhiba likawa jeusi, jepesi, lenye harufu ya msitu baada ya mvua. Tukachimba vifereji, kiganja kimoja cha mchanganyiko hapa, kiganja kimoja pale, udongo kidogo juu yake, kisha mbegu ya mama yake, nyekundu yenye jicho jeusi. Aliipanda yote. Nilimsihi abakize kidogo. Akasema mtu mwenye akiba hasali vizuri.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa na utulivu. Kunde zilipochipua, mistari ya kwanza ilikuwa na weupe wa kutisha, na Bosko alikuja akasimama ukingoni bila kusema lolote, jambo lililonitisha zaidi. Kisha mvua ikanyesha vizuri. Nilipopanda tena kule juu niliiona rangi kabla sijafika, kijani kizito, kijani chenye kiburi cha mwenye shamba. Tuling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu kama shanga. Nikakipasua kimoja kwa ukucha: ndani kilikuwa cha waridi, kama ufizi wa mtoto.

"Wapangaji wamerudi," nikamwambia.

Mama Tekla aliurudisha ule mche shimoni akaushindilia kwa vidole, ingawa wote wawili tulijua umeshakufa.

Kule mwisho wa shamba mchanganyiko ulikuwa umetuishia, na mistari ya pale ilibaki njano na mifupi. Alitaka kuing'oa kwa aibu. Nilimkataza. Ile mistari ya njano ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote: mbegu ile ile, mvua ile ile, mkono ule ule. Bosko angeweza kubishana na mimi, na angeweza kubishana na dada yake, lakini si na mpaka ule, uliokatika kama shuka mbili zilizoshonwa pamoja.

Akaja kuuona siku ya mavuno, iliyoangukia juma langu la mwisho kazini. Alitembea juu na chini. Akapiga magoti upande wa njano, akapiga magoti upande uliozaa, suruali ya Jumapili na yote. Wakati huo huo Masalu akatokea na mkokoteni kuchukua majani makavu ya kunde kwa ajili ya ng'ombe wake, maana utani ni njia ya kwenda na kurudi.

"Hodi hapa kwa wezi wa mavi!"

"Pita, wewe mrefu. Leo ng'ombe wako wamepitia mlangoni, naona umewafundisha."

Bosko alikunja uso. Yeye ndiye aliyekuwa akisema kijijini kwamba wafugaji wahame, na hakujua afanye nini na mtu anayetukanwa huku akisaidiwa kupakia. Masalu alipoondoka tukaingia ndani kula. Kunde zilikuwa zimeungwa kwa karanga, na wali wa Kilombero kando yake. Bosko alikula sahani ya kwanza kama hakimu. Ya pili aliila kama mdogo mtu.

Alipomaliza akanawa, akaiangalia miche yake iliyokuwa imesogezwa karibu na mlango, imenenepa kwa maji ya dada yake.

"Ardhi ya kwangu nayo," akasema mwishowe, "imeanza kuwa njano. Mahindi, kunde, kila kitu."

"Nimeona," akajibu dada yake.

"Hiyo miche nitaipanda mpakani tu." Akajikuna shingo. "Dada, nibakizie mbegu."

Mama Tekla akainuka, akarudi na fundo la kitambaa, akaliweka kiganjani mwake. Hakusema "nilikwambia". Aliimeza, nikaona kabisa ikishuka kooni.

"Na pumba?" akauliza Bosko.

"Ziko Ifakara zinafuka. Bibi Shamba hana kazi tena, atakufundisha kuchoma. Usimpe chai."

"Na samadi?"

"Iko kwa mtani wangu."

"Basi nisaidie dada, uniombee kwake, ninyi mnaelewana."

"Mtani haombewi. Kila mtu anaingia na mdomo wake."

Bosko akanitazama mimi. Nikayatazama mabaki ya kunde kwenye sahani yangu. "Sasa nitamwambia nini yule mtu?" akauliza, na ile sauti ya minada ilikuwa imebaki ndogo kama ya mtoto wa komunio ya kwanza.

"Anza na tusi dogo. Urefu wake unatosha," akasema Mama Tekla.

"Na heshima yangu?"

"Iache hapa. Nitakutunzia."

Akabeba boksi la miche kichwani, fundo la mbegu kifuani ndani ya shati, akasimama kizingitini akiangalia upande wa zizi kama mtu anayepima mto. Mama Tekla akamsukuma mgongoni kwa kiganja, taratibu, kama tunavyosukuma mtumbwi uliojaa, akaufunga mlango nyuma yake.